Mganga ni nani? Kalamu nyekundu na asili ya neno

Siku moja nilisahihisha insha ya mwanafunzi wetu. Aliandika: "Mama alimpeleka mtoto kwa mganga, akachomwa sindano." Nilizungushia neno mganga kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: daktari. Makala haya ni tahakiki ya sahihisho hilo.

Katika madarasa mengi tunafundisha kwamba daktari yuko hospitalini na mganga yuko kwenye hirizi na ramli. Mgawanyo huu ni mwepisi kukariri, lakini asili ya maneno yenyewe haiukubali.

Mganga limetokana na kitenzi ganga, yaani kutibu, na pia kuunga kilichovunjika. Ndiyo maana twasema kuganga njaa. Shina hili ni la Kibantu: Kikongo kina nganga, Lingala ina monganga, naye ni daktari wa hospitali. Tabibu limetoka Kiarabu. Daktari limepitia Kiingereza, na mzizi wake wa Kilatini ni docere, kufundisha. Kwa asili, basi, daktari ni mwalimu. Mganga ndiye mwenye kutibu!

Hapa Bujumbura, Mrundi akisema "kwa muganga" anamaanisha zahanati au hospitali. Mwenye kupiga ramli ana jina lake: umupfumu. Mwanafunzi wangu hakuchanganya mambo; alisikia neno lile lile katika lugha mbili. Tanzania nayo ina Mganga Mkuu wa Serikali na Mganga Mkuu wa Wilaya, ambao ni madaktari waliosomea udaktari.

Hata hivyo, tusiende upande wa pili kupita kiasi. Mitaani Dar es Salaam au Mombasa, ukitaja mganga bila kifafanuzi, wengi watamfikiria wa kienyeji. Mwanafunzi asiyejua hilo anaweza kueleweka vibaya na kuchekwa.

Kwa hiyo napendekeza tufundishe matumizi pamoja na asili: mganga mkuu, mganga wa kienyeji, mganga wa tiba asili. Muktadha uamue. Katika insha ile, sindano ilikwisha kuamua.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mwalimu naye hujisahihisha kwa shida. Nimemrudishia mwanafunzi alama yake.