Mabega ya Rashidi

Riwaya ya Adam Shafi, *Kuli* (1979), hunena vyema zaidi inapoacha kuhubiri. Faraji anapomfunza Rashidi maana ya umoja, msomaji husikia hotuba. Rashidi anapoinama chini ya mzigo, kama babake kabla yake, mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948 hauhitaji tena kuelezwa. Upungufu uko kwingine. Makuli wengi wa wakati ule walitoka bara, ambako Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zimegoma mwaka 1947. Shujaa mmoja, kijana wa mjini, amemfifiza mgeni huyo: jasho lake bandarini halikuulizwa asili, ila haki yake ya kukaa visiwani ndiyo iliyobishaniwa siasa zilipopamba moto.