Wimbo Usio na Kinanda Huanzia Wapi

Kwaya zinazovuma Dar es Salaam hurekodi na vyombo. Vijana wa AIC Chang'ombe, kule Temeke, tumewazoea na magitaa yao. Mtakatifu Kizito Makuburi na kinanda. Ndiyo maana mtunzi akiombwa wimbo wa sauti tupu, mara nyingi hutunga kama kawaida kisha akakiondoa kinanda. Kinachobaki kina mashimo: mapigo hayapo, na wa sauti ya pili wanatazamana wasijue waingie lini.

Njia nyingine kila mwanafunzi wa Kinondoni na Temeke anaijua, ila ni nadra kuisikiliza kama kazi ya mtunzi. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao leo tunauimba kama Mungu Ibariki Afrika. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo kwa sol-fa, na huu aliupa sauti nne. Vishazi ni vifupi, vinarudiwa, na kwa sehemu kubwa sauti zote hutamka silabi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo paredi ya shule nzima humaliza pamoja bila hata filimbi.

Sontonga aliandika Kixhosa, lugha yenye toni. Kiswahili kimetupunguzia kazi hapo: melodia ipande au ishuke, maana ya neno haibadiliki. Deni letu liko kwenye mkazo. Te-ME-ke inataka nota moja ya kuingilia kabla ya pigo zito. Ki-no-NDO-ni inataka mbili. Ukiyapachika majina hayo kwenye beti mbili za wimbo mmoja bila kugusa mapigo, moja litasikika kama linatamkwa na mgeni. Hata kitenzi kile kile hukugeuka: "imba" ina mkazo kwenye i, lakini ukiwaambia wengi "imbeni", umeshahamia mbe. Maneno magumu kuliko yote ni "mtu" na "nchi", kwa sababu mkazo umekalia m na n, zisizo na irabu. Kinanda kingefunika. Hapa kwaya nzima inavuma puani kwenye pigo zito. Mimi huyaepuka mwanzoni mwa kishazi, isipokuwa nikiutaka mvumo huo makusudi.

Sauti nne hupendeza kwenye karatasi. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 ni kamari, maana wavulana wanabadilika sauti: aliyekuwa teno Januari anaweza kuwa besi Juni. Naandika tatu: soprano, alto, na moja ya wavulana wote, ndani ya oktava moja, kuanzia C ya chini hadi C ya kati. Na hii ya wavulana ndiyo naitunga kwanza, kabla ya melodia, kwa kuwa ndiyo itakayokuwa ngoma. Inazunguka doh na soh (d na s) kwa silabi za maneno yenyewe. "Temeke, Temeke" ikirudiwa haraka inakupa mapigo ya sita kwa nane bure. Sioni haja ya zile "dum dum" zilizojaa kila mahali.

Halafu kuna kushuka. Wimbo unaanza Doh ikiwa G, unaisha karibu na F. Husababishwa na pumzi iliyochoka, na nota moja iliyorudiwa mno, hasa mi (m). Dawa yake tunayo tangu zamani kwenye ngoma zetu: kiongozi na waitikiaji. Kiongozi akiimba, wengine wanavuta pumzi, na kishazi chake nakiandika kiruke kutoka s hadi d ya juu ili kiwakumbushe walikotoka.

Kiitikio cha mwisho nakianzisha kwa sauti zote kwenye d, mapigo manne kamili, ndipo zigawanyike. Kama wameshuka, watakuwa wameshuka pamoja, na hakuna kinanda cha kuwasuta.