Ukuta na Hadhira Yake: Michoro ya Hadharani kwa Kipimo cha Golbanti

Katika uhakiki wa sanaa imezoeleka kudhani kwamba mchoro wa ukutani wenye sura za watu Weusi umekwisha kuitukuza jamii yao, ilmradi umewekwa mahali pa wazi. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Mchoro wa hadharani, kama ulivyo utenzi unaoghaniwa barazani, haukamiliki mpaka ijulikane ni nani asemaye, anamwambia nani, na nani ameachwa nje ya mazungumzo.

Mfano mashuhuri ni Ukuta wa Heshima, uliochorwa Chicago mwaka 1967 na wasanii wa kikundi cha OBAC, miongoni mwao William Walker. Katika ukuta huo wa mtaa wa watu Weusi zilionekana sura za Malcolm X, W. E. B. Du Bois, Muhammad Ali na wengineo. Washairi, akiwemo Gwendolyn Brooks, walisoma tungo zao mbele yake. Picha na neno vikasimama pamoja. Jengo liliungua mwaka 1971, kisha likabomolewa, lakini mfano wake ulikwisha kuenea katika miji mingi ya Marekani. Nguvu ya ukuta huo ilitokana na hali moja iliyo wazi: aliyewadharau watu wa mtaa ule alikuwa nje ya mtaa. Kwa hiyo neno "Weusi" lilitosha kuwaunganisha wasemaji na wasikilizaji wake.

Je, neno hilo latosha Golbanti? Kijiji hiki cha delta ya mto Tana kinajulikana katika maandishi hasa kwa misheni ya Wamethodisti iliyoanzishwa katika miaka ya 1880 kwa kusudi la kuwafikia Waoromo, na kwa kifo cha mmisionari John Houghton na mkewe, waliouawa na Wamaasai mwaka 1886. Lakini historia iliyo nzito zaidi kwa wakazi wa delta ni ya karibu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima, na Waorma, ambao wengi wao ni wafugaji. Wote ni watu Weusi. Ukuta unaosifu Weusi kwa ujumla, pasipo kugusa jambo hilo, ungekuwa umesema jambo la kweli mahali pasipohusika.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Murang'a. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora picha tano kubwa katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, yamewekwa katika mandhari ya Kiafrika na kati ya watu wa Kiafrika. Jengo lenyewe liliwakumbuka wafu wa upande mmoja wa jamii iliyopasuka. Fani ya msanii imekwenda mbali kuliko kusudi la jengo: katika picha zile mauti ni ya Mwafrika, nayo maombolezo ni ya Waafrika, hata mama wa upande wa pili aweza kusimama mbele ya ukuta ule na kumlilia mwanawe. Hilo ndilo funzo ambalo Chicago haikuhitaji kulitoa.

Kwa kipimo hiki, alama zinazopendekezwa kwa urahisi kuitukuza Tana zina upungufu. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa wakati wa ukoloni na kuwekwa katika jumba la makumbusho London, ni dai la haki. Lakini ni dai la Wapokomo dhidi ya mtu wa mbali. Wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kipokomo, ambao lahani yake ilitumika katika Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963, ni fahari ya nchi nzima; hata hivyo haumsemeshi mchungaji ambaye ng'ombe wake wana kiu. Ng'ombe nao wakichorwa peke yao, mkulima atawaona wameingia shambani mwake.

Lipo neno moja ambalo pande zote mbili hulitumia: malka, yaani njia ya mifugo ipitayo kati ya mashamba hadi mtoni. Neno lina asili ya Kioromo, nalo limekuwa kiini cha ugomvi na cha masuluhisho. Msanii atakayechora malka hataweza kukwepa swali la upana wake, wala swali la shamba lililo kando yake, na kwa sababu hiyo itampasa kuwauliza wazee wa Gasa wa Wapokomo na wa Matadeda wa Waorma kabla ya kushika brashi. Mashauriano hayo ni sehemu ya fani yenyewe. Mhakiki anayeupima ukuta kwa rangi na sura tu, bila kuuliza ni nani walioafikiana juu yake, atakuwa ameisoma nusu ya kazi. Na katika delta ya Tana, nusu iliyobaki ndiyo yenye uhai wa watu.