Nilisoma Waraka wa Mboya Nikiwa Kitengela

Mamangu alinunua ploti ya 50 kwa 100 hapa Kitengela kabla sijaanza shule. Nimekulia juu yake. Kwa hivyo nikisema Waraka Nambari 10 wa 1965 una hila, ujue nasema nikiwa nimekalia faida yake.

Wengi wetu tuliusikia tu darasani. Serikali ya Kenyatta iliutoa, Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, akautetea, na kichwa chake kilitangaza ujamaa wa Kiafrika. Pio Gama Pinto, mjamaa aliyelichukulia neno hilo kwa uzito, alikuwa tayari amepigwa risasi Nairobi, tarehe 24 Februari mwaka huo huo. Nimeusoma kwenye simu, sehemu kubwa nikiwa ndani ya matatu, kwa jam ya Mlolongo.

Kama maandishi, uko sawa kabisa. Hauna porojo. Ujamaa wa Ulaya ulizaliwa viwandani: watoto kwenye vinu vya pamba Uingereza, Robert Owen na majaribio yake New Lanark, kisha Marx na Engels na kijitabu chao cha 1848. Waraka unasema hayo yalikuwa ya kwao. Sisi hatukuwa na matabaka, tulisaidiana tangu zamani, basi Marx wa nini? Unasoma ukitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na hapo ndipo unaingizwa boksi.

Maana ukishamaliza kuwasifu mababu, waraka unageuka. Ardhi ipimwe na isajiliwe kwa jina la mtu binafsi, ili apate mkopo. Pesa za maendeleo ziende kwanza zitakakozaa haraka, penye mvua, udongo mzuri na barabara. Hebu soma hiyo ukiwa Kajiado, ambako maji ya boza ni bajeti ya kila mwezi. Nusu ya nchi inaachwa nje kwa aya moja, na hakuna aliyetajwa jina.

Julai 1965, kwenye jarida la East Africa Journal, mwanauchumi Barack Obama, babake yule rais, aliushambulia. Kama mila zetu ni za kumiliki pamoja, mbona tunakimbilia hati za mtu mmoja mmoja? Kati ya wote waliobishana mwaka ule, yeye ndiye aliyesoma kwa makini.

Cha kuchekesha ni kwamba umiliki wa pamoja ulikuja kuandikwa kwenye sheria, tena huku kwetu. Sheria ya 1968 iliwaruhusu Wamaasai kushika ardhi kama kikundi: hati moja, wanachama wengi, wawakilishi wa kuchaguliwa. Mikopo ilitoka Benki ya Dunia, ambayo sijawahi kuisikia ikiitwa ya wajamaa. Walitaka ng'ombe wauzwe zaidi. Wamaasai wengi walikubali kwa sababu yao wenyewe, kuizuia ardhi isiende kwa wageni. Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988. Kila mwanachama akapata kipande chake, na baadaye vipande vikawa ploti.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyepata kipande, akauza ekari baada ya ekari. Nilimuuliza kama zamani waliishi kijamaa. Alicheka. "Wewe umesoma sana, kijana. Sisi tulifuata mvua."

Nadhani hilo jibu linaubomoa waraka kuliko Marx. Mvua ikinyesha Kaputiei leo, kesho inyeshe kwingine, huwezi kufuga ndani ya ua. Kushirikiana kulikuwa mpango wa nyasi, wenye wakubwa wake na ugomvi wake. Waraka uliufanya kuwa tabia njema ya Mwafrika, na tabia njema unaweza kuisifu huku unagawa malisho.

Na kuhusu matabaka kuwa mambo ya Ulaya: njoo stegi ya Kitengela saa kumi na moja asubuhi, uone wanaokimbilia viwanda vya nguo vya EPZ, Athi River.

Ukame wa 2022, ng'ombe wa yule mzee walisimama nje ya geti letu. Mama akawafungulia. Nyasi zetu ziliisha kabla chai haijachemka.