Sarufi ya Usingizi: Umbo la Hoteli ya Nine Hours

Hoteli ya Nine Hours, iliyofunguliwa Kyoto, Japani, mwaka 2009 kwa usanifu wa Fumie Shibata, imejengwa juu ya hesabu moja: saa 1 ya kuoga, saa 7 za kulala, saa 1 ya kupumzika na kujiandaa. Hesabu hiyo ndiyo msuko wa kazi nzima. Hoteli ya kawaida humkabidhi mgeni chumba na kumwachia ajipangie muda. Hii hutanguliza muda, nafasi ikafuata. Chumba kimefumuliwa, bafu likawekwa pake, kabati pake na kitanda pake, na mgeni ndiye anayeviunganisha kwa mwendo wake mwenyewe.

Uzito wa mbinu hii hudhihirika tukiitazama kazi iliyoitangulia. Mwaka 1979 Kisho Kurokawa alisanifu Capsule Inn Osaka, hoteli ya kwanza duniani ya kapsuli, yaani visanduku vya kulalia mtu mmoja, na ndani ya kila kapsuli akapachika televisheni, redio na saa ya kengele. Kurokawa alikifinya chumba pamoja na vyote vilivyomo. Shibata amekipunguza hadi kikabaki na tendo moja. Katika kapsuli yake nyeupe, iliyoviringwa pembe, televisheni haimo. Mna godoro, mto na taa, na taa hiyo hufifia taratibu kumbembeleza mgeni alale, kisha alfajiri ikazidi kung'aa hadi aamke, jirani yake asisikie lolote. Huu ndio upunguzifu uliokomaa: kifaa kimoja kinaangaza, kinalaza na kuamsha, na utulivu wa ukumbi mzima unalindwa na uamuzi huo.

Alama-picha za hoteli hiyo, kazi ya mbunifu Masaaki Hiromura, hukamilisha sarufi hiyo. Zimechorwa kubwa, kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, zikashika nafasi ya pambo na ya mwelekezaji kwa pamoja. Msafiri asiyejua neno la Kijapani huzifuata moja baada ya nyingine, kama asomaye sentensi, mpaka kitandani.

Malazi mengi ya bei nafuu huiga anasa kwa vifaa hafifu, na uigaji huo ndio unaoyafedhehesha. Nine Hours haikuiga. Ilijiuliza msafiri wa usiku mmoja anahitaji nini, ikamjibu kikamilifu. Kwa kigezo cha uwiano wa lengo na umbo, ni kazi ya sanaa iliyotimia.