Guinness Sita Katika Picha Moja

Katika filamu ya Kind Hearts and Coronets, iliyotoka mwaka 1949, kuna picha ya sekunde chache iliyopigwa ndani ya kanisa. Ni ibada ya mazishi, na ukoo wa kina d'Ascoyne umekusanyika: yupo mtawala wa ukoo, yupo jenerali, yupo amiri wa jeshi la majini, yupo mwenye benki, yupo Lady Agatha mpigania haki za wanawake, na yupo kasisi mzee. Watu sita wa umri tofauti na maumbile tofauti. Wote sita ni mtu mmoja, mwigizaji Alec Guinness, na wote wanaonekana kwa pamoja.

Enzi hizo kompyuta haikuwa na nafasi yoyote katika filamu. Kilichokuwepo studio za Ealing, magharibi mwa London, ni kamera, mkanda na mpigapicha mwenye subira aitwaye Douglas Slocombe. Tuanze na kazi yake, kwa sababu nusu ya maajabu haya ni yake.

Slocombe aliikaza kamera isisogee hata kidogo. Mbele ya lenzi akaweka vizuizi vyeusi vilivyoigawa picha vipande vipande. Kipande kimoja kikaachwa wazi, Guinness akakaa mahali pake akiwa mhusika wa kwanza, kamera ikazunguka. Mwanga uliingia katika kipande hicho tu, na sehemu iliyobaki ya mkanda ikawa bado mbichi. Mkanda ukarudishwa nyuma hadi palepale ulipoanzia, kipande cha kwanza kikazibwa, cha pili kikafunguliwa. Wakati huo Guinness alikuwa amekwenda kubadilishwa nguo, nywele na uso, akarudi kama mtu mwingine na kukaa kiti kingine. Wakaendelea hivyo hadi picha ikajaa.

Kazi ilichukua siku kadhaa. Slocombe alikuja kusimulia kwamba alilala humo studioni ili asitokee mtu wa kuigusa kamera. Hofu yake ilikuwa na msingi. Wahusika wote walikuwa juu ya mkanda uleule mmoja, kwa hiyo kosa katika zamu ya tano lingeteketeza na zamu nne zilizotangulia. Kamera ikisukumwa kidogo, ukuta wa kanisa ungepasuka katikati ya picha. Taa moja ikipungua nguvu, mtazamaji angeuona mpaka kati ya kipande na kipande. Wala hapakuwa na namna ya kutazama kilichopatikana mpaka mkanda usafishwe.

Nusu ya pili ni ya mwigizaji, na ndiyo inayosahaulika. Guinness hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa kipande chake, hata kwa kiwiko. Alikaa karibu na watu ambao hawakuwepo, na alitakiwa akumbuke jirani yake wa jana aliketi vipi. Zaidi ya hayo, kanisani pale wengi wao wamekaa kimya. Hana sauti ya kumsaidia kumtofautisha jenerali na mwenye benki. Amebaki na shingo, mabega, kidevu na namna ya kukaa, na hivyo vimemtosha.

Alikuwa amepewa nafasi nne katika filamu hiyo, akaomba zote nane za ukoo huo. Ombi hilo laweza kuonekana kama tamaa, lakini mwongozaji Robert Hamer alifaidika nalo. Hadithi inamhusu kijana Louis Mazzini, anayeigizwa na Dennis Price, anayewaua ndugu wa mama yake mmoja baada ya mwingine ili aurithi utawala wa ukoo. Wangeigizwa na watu wanane tofauti, tungewahurumia wanane. Kwa kuwa wote wana uso mmoja, tunauona ukoo kama mtu mmoja mwenye kiburi anayekataa kufa, na tunacheka bila kujilaumu. Ufundi wa kamera na maana ya hadithi vimefungwa pamoja hapo.

Guinness aliupata wapi uwezo huo? Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914, na cheti chake cha kuzaliwa kiliachwa wazi mahali pa jina la baba. Alifanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara kabla ya kuingia jukwaani. Mwaka 1934 mwigizaji mashuhuri John Gielgud alimpa nafasi ya Osric katika tamthilia ya Hamlet, kisha akakomaa katika ukumbi wa Old Vic. Vita vilipokuja aliingia jeshi la majini na kuongoza chombo cha kushushia askari ufukweni katika uvamizi wa Sicily mwaka 1943. Alirudi kwenye uigizaji akiwa na njia yake mwenyewe ya kazi: humjui mhusika mpaka ujue anavyotembea. Wengine huanzia moyoni mwa mhusika wakatoka nje. Yeye alianzia miguuni na kupanda juu.

Njia hiyo ina hatari yake, na mfano uko wazi. Mwaka 1948, katika Oliver Twist ya mwongozaji David Lean, aliigiza Fagin, mzee wa Kiyahudi anayeongoza genge la wezi. Hakuwa amefikisha miaka 35, na Lean hakuamini kama angeliweza zee lile la wezi. Guinness akaomba ajaribiwe mbele ya kamera, akaja amebadilika kiasi kwamba mjadala uliishia hapo. Mrembaji Stuart Freeborn alimtengenezea pua kubwa kwa kufuata michoro ya zamani ya kitabu kilichozaa filamu hiyo. Kwa ufundi, kazi ile haina dosari. Kwa maana yake, ilikuwa kosa zito: miaka mitatu tu baada ya mauaji ya halaiki ya Wayahudi, uso ule ulifanana mno na vikaragosi vya chuki dhidi yao. Watu waliandamana Berlin, na Marekani filamu haikuonyeshwa hadi mwaka 1951, tena ikiwa imekatwa. Lawama ya namna hiyo inamfuata hata baadaye. Aliigiza Mwarabu, Mwanamfalme Faisal, katika Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, na Mhindi, Godbole, katika A Passage to India ya mwaka 1984. Anayejenga mtu kuanzia nje anaweza kuishia kujenga ngozi tu.

Lakini tazama alichofanya alipoacha pua za bandia. Katika The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957, iliyopigwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, anaigiza Kanali Nicholson, mateka wa Wajapani. Kanali amefungiwa siku kadhaa ndani ya kibanda cha bati juani. Anatolewa, na inampasa atembee kwenda kwa mkuu wa kambi huku askari wake wakimwangalia. Miguu haitii. Kiwiliwili kinajilazimisha kunyooka kijeshi, magoti yanakataa, na kila hatua ni mabishano kati ya hivyo viwili. Guinness aliuchukua mwendo huo kwa mwanawe, aliyekuwa amepona polio na kujifunza kutembea upya. Pale hakuna neno linalosemwa, na bado tunamjua Nicholson mzima: ushujaa wake, na ukaidi utakaomponza mwishoni. Nafasi hiyo ilimpa Oscar ya mwigizaji bora.

Baadaye ikaja Star Wars ya mwaka 1977, iliyomtajirisha na kumchosha kwa pamoja. Wengi wa vijana wanamjua kwa joho lile la Obi-Wan Kenobi. Nalipita, kwa sababu kazi yake kubwa ya uzeeni haikuwa sinema. Ilikuwa ya televisheni.

Mwaka 1979 BBC ilirusha Tinker Tailor Soldier Spy, tamthilia ya sehemu saba kutoka kwa riwaya ya John le Carré, ikiongozwa na John Irvin. Guinness, akiwa na miaka 65, ni George Smiley, jasusi mstaafu anayerudishwa kumsaka msaliti ndani ya idara yake ya zamani. Kabla ya kuanza, aliomba kukutana na jasusi halisi. Le Carré alimpeleka kula chakula cha mchana na Maurice Oldfield, aliyewahi kuiongoza idara ya ujasusi ya MI6. Kwa masimulizi ya le Carré, mwigizaji alikuwa akihesabu kila kitu mezani pale: viatu, vifungo vya mikono ya shati, mwavuli, namna mtu anavyoshika glasi. Mbinu ni ileile ya mwaka 1949, ila vifaa vimepungua. Badala ya mawigi na masharubu kuna miwani, koti na mwili unaokataa kuharakishwa.

Sehemu kubwa ya tamthilia hiyo ni watu wawili ndani ya chumba, mmoja akisema na Smiley akisikiliza. Kwa kanuni za kawaida, anayesema ndiye mwenye tukio. Hapa ni kinyume. Kamera inarudi kwa Guinness mara kwa mara, naye hafanyi kitu zaidi ya kuinua kichwa kidogo au kuacha ukimya uendelee kupita ule ambao mwenzake anaweza kuuvumilia. Mwenzake anaujaza ukimya huo kwa siri. Kioo kidogo cha televisheni kilimfaa: uso unajaa kioo, na ukope ukishuka unaonekana. Alimrudia Smiley mwaka 1982 katika Smiley's People, na kazi zote mbili zikampatia tuzo ya BAFTA.

Hukumu yangu ni hii. Guinness husifiwa kwamba alikuwa na sura isiyo na alama, eti ndiyo maana aliweza kuwa mtu yeyote. Sifa hiyo inamdhulumu. Sura ya kawaida wanayo watu wengi. Alichokuwa nacho ni jicho la kumpima mtu, na nidhamu ya kurudia kipimo hicho bila kukosea, iwe ni siku ya tatu ya mkanda uleule au mbele ya kamera iliyo karibu na uso wake. Kijana anayejifunza uigizaji aizime sauti, atazame Kanali Nicholson akitoka kwenye kibanda cha bati, kisha amtazame Smiley akisikiliza. Asiiige miwani. Aandike kila kitu ambacho mwigizaji huyu hakukifanya, aanzie hapo.