Rumba ya Wawili

Rumba ya Kongo, inayochezwa arusini Butembo na Beni kama kwingineko nchini Kongo, iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu Desemba 2021. Dansi ya tango iliitangulia mwaka 2009. Zote huchezwa wawili wakiwa wameshikana, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kila mchezaji hubeba uzito wake mwenyewe, magoti yakiwa yamelegea kidogo, mguu mmoja ukipokea mwili wote kabla wa pili haujanyanyuka. Anayeegemea humchosha mwenzake. Anayeongoza hasukumi: hugeuza kifua, na kiganja kilicho mgongoni mwa mwenzi hupeleka habari. Usikivu huo wa mwili unastahili heshima kubwa. Katika rumba, sebene, yaani sehemu ya wimbo yenye kasi zaidi inayoongozwa na gitaa, ikianza, wawili huachiana mikono na kucheza wakitazamana, wakilifuata gitaa la solo.